Mti Ulioitika

Ng'ambo, Tabora
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Nyamizi,

Kama treni bado haijapita stesheni ya Goweko, kunja karatasi hii uirudishe kwenye bahasha. Nakujua. Ulikuwa ukifungua mizinga yangu kabla moshi haujaingia, ukaumwa mpaka jicho likafumba, na kesho yake ukafungua tena. Hilo umelitoa kwangu, si kwa mama yako. Lakini leo nitii mara moja tu. Mama yako nimemwambia akupe barua hii dirishani treni ikishaanza kusogea. Ukishapita Goweko najua huwezi tena kuruka chini ukarudi mjini kwa miguu.

Kwenye kisomo cha watu wazima walitufundisha kwamba barua inaanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako. Hilo nalijua vizuri. Mimi ndiye niliyesoma gazeti la ukutani mbele ya katibu kata bila kukwama, isipokuwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa limechapwa vibaya. Wenzangu walioanza nami mpaka leo wanatia dole gumba. Kwa hiyo usidhani nimesahau. Mstari wa afya nimeuruka kwa makusudi. Nitauandika mwishoni.

Mambo ya blanketi, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua kwenye behewa, ya shangazi yako atakayekupokea Dar, mama yako ameyasema tangu Jumapili na bado anayasema, namsikia huko ndani anakupangia sanduku kwa mara ya tatu. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka tuongee habari ya mti. Habari hiyo umeisikia kwa watu wanaocheka. Kwangu hujaisikia, kwa sababu kila mtu akiianza mimi huondoka.

Lakini kwanza ile siku ya mashine yenu ya hospitali, inayoona tumbo kwa sauti.

Ulinilaza kitandani ukanipaka ule ute wa baridi tumboni, unateleza kama bamia iliyochemshwa. Nikakuuliza wa nini. Ukasema, "Baba, hewa ikikaa katikati ya kichwa cha mashine na ngozi, sauti hairudi. Inagonga hewa inaishia hapo hapo." Nikasema hilo nalijua, mzinga huwezi kuugonga kwa mbali. Ukacheka. Daktari naye akacheka, yule mtani wangu Mzaramo, akasema, "Mnyamwezi hakosi la kusema. Mlaze vizuri, asije akaturina sisi."

Halafu ukaanza kugonga. Nilitega sikio mpaka shingo ikauma, sikusikia kitu. Nikauliza, ukaniambia sauti ile sikio la binadamu halifiki, hata la mbwa halifiki. Mwanangu, mimi nimegonga magogo maisha yangu yote. Sijawahi kuwa gogo. Kulala pale unagongwa, na mlio husikii, na kuna mtu anakusikiliza kwa ndani kuliko wewe unavyojisikia, si jambo dogo. Nilinyamaza kimya. Mama yako anasema ndiyo mara ya kwanza tangu tuoane.

Ukanigeuzia kile kioo nione. Nilitegemea kuona tumbo. Niliona msitu. Naapa, Nyamizi, niliona pori la Ipole saa sita mchana wakati wa kuchoma majani, moshi wa kijivu umetanda, na ndani ya moshi vitu vinasimama huwezi kujua ni mti au mtu. Na vilikuwa vinasogea. Ukasema, "Vuta pumzi, baba, shikilia," nikashikilia, na pori zima likashuka chini kama linainama kunichungulia.

Ulinionyesha kwa kidole. Hapa peusi ni mfuko wa nyongo, ni maji matupu, sauti inapita bila kizuizi ndiyo maana hakuna kinachorudi. Hapa penye chembechembe za kijivu ni ini. Na hivi vyeupe vinavyong'aa ndani ya mfuko ni mawe, na kila jiwe lina mkia mweusi nyuma yake, kwa sababu sauti imerudishwa yote na jiwe, nyuma hapakufika kitu.

Mtani akapiga kofi. "Haya! Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwetu, wakalala kwenye vibaraza vyetu, wakala mihogo yetu. Huyu naye kabeba mawe. Mzee Maganga, mzigo huu unaupeleka kwa nani?"

Nikamwambia, "Kwa bibi yako. Anajengea jiko."

Wote tukacheka. Lakini nilipomsikia anasema mawe, niliangalia mkono wangu wa kulia. Hukuona. Nitakuambia kwa nini.

Baada ya hapo ndipo uliposogea karibu na kioo. Ulirudi kwenye ini, ukarudi tena. Ukabadilisha kichwa cha mashine ukachukua kingine. Ukanilaza ubavu. Ukasema polepole, si kwangu, "Hapa kuna kijivu ndani ya kijivu." Mtani akainama, utani ukamtoka usoni. Akasema inaweza kuwa kitu. Inaweza kuwa viwili vimekaa karibu karibu mpaka vinaonekana kimoja. Inaweza kuwa ini lenyewe tu limekaa vibaya, na mkia wa jiwe umeangukia hapo. "Mashine hapa imefika mwisho wake," akasema. "Dawa ni kuingiza sindano tutoe kipande, tukiangalie kwa macho."

Mimi nikasema, na wewe ulikuwepo, "Hakuna wa kunitoboa. Nimeshasema ni nyongo."

Jana jioni ukaweka sanduku chini ukasema, "Basi sipandi treni." Mama yako akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nafasi moja kwa hospitali nzima, kujifunza kazi hiyo mpaka mwisho wake, na wewe unasema hupandi. Mimi nikatoka nje nikakaa. Ukadhani nimenuna. Leo alasiri nikakuambia siji stesheni, alfajiri nachukua basi la Ipole, nyuki hawasubiri. Ukaniangalia kama unavyoangalia kile kioo. Halafu, kwa hasira, ukaanza kupanga nguo. Ndicho nilichotaka. Mtu akikasirika anaondoka haraka.

Sasa mti.

Unapajua Kwa Wapagazi, kule nyuma ya Ipole, njia ya zamani inapoingia Ukonongo. Siku hizi ni mashamba ya tumbaku ya kijiji. Enzi zangu palikuwa pori lililonyooka kimya, na katikati uwazi ambako misafara ya zamani ilikuwa ikilala. Majivu yao bado ulikuwa unayafukua kwa jembe, meusi, na shanga moja moja. Baba yangu hakupenda kupita pale mchana. Alisema usiku pana watu, ni kawaida, lakini mchana pana mtu mmoja.

Pembeni ya uwazi ulisimama mti wa mtundu, mnene, watu wanne kuukumbatia. Nyuki waliingia kwa tundu dogo juu ya kichwa cha mtu. Hakuna aliyewahi kuurina, kwa sababu ulikuwa unaitika. Ukiugonga mara moja, unasikia mlio wako, halafu kidogo, kama mtu anayefikiri kwanza, unasikia mwingine.

Mwaka ule wa Uhuru ndio nilioamua kuurina. Nilikuwa kijana mwenye kifua, mizinga yangu haihesabiki, na kuanzia Sikonge mpaka Ipole hakuna aliyekuwa na sikio kama langu. Hilo halina ubishi hata leo. Wengine wanapanda mtini kwanza ndipo wanajua. Mimi nilikuwa nagonga kwa mgongo wa shoka nikiwa chini, nakuambia hapa pamejaa, hapa pana watoto wa nyuki, hapa patupu. Mzinga wenye asali unajibu kwa unene, kama mtu aliyeshiba. Mtupu unabwata. Na nikitaka mambo madogo, ufa, mchwa chini ya gome, nagonga kwa ukucha. Ukucha unakuambia vidogo lakini hauendi mbali. Shoka linaenda mpaka moyoni lakini linakuletea habari za jumla jumla. Siku ile ulipobadilisha kichwa cha mashine niliona unafanya hivyo hivyo, unaweka shoka unachukua ukucha. Nikasema moyoni, huyu ni wangu. Sikukuambia kwa sababu tumbo lilikuwa wazi.

Nilikwenda na Mihayo, mwenzangu wa mizinga, huyu huyu Mihayo unayemwita baba mdogo. Jua lilikuwa utosini. Hakuna ndege, hakuna upepo, kivuli cha mtu kimejificha chini ya miguu yake. Nikagonga.

"Maganga," Mihayo akasema, "mti umeitika."

"Mwangwi huo."

"Mwangwi unatoka kwenye jiwe. Jiwe liko wapi?"

"Liko mahali."

"Mahali wapi?"

"Wewe shika moshi."

Nikauzunguka mti nagonga. Juu, asali, nene, tele, sijapata kusikia tele kama ile. Chini ya asali, uwazi. Halafu, usawa wa kifua changu, nikakuta mahali pasipojibu. Nikigonga kushoto panajibu, kulia panajibu, hapo hapana. Shoka linagusa na sauti inamezwa. Ukubwa wake kama mtoto aliyejikunja, au mtu mzima aliyejikunja sana. Niligonga tena na tena. Mkono ukaanza kuwa mzito.

"Ni nini hapo?" Mihayo akauliza.

Sasa sikia, mwanangu, hapa ndipo barua hii ilipo. Sauti iliniambia vizuri. Iliniambia hapa uwazi umekwisha, kitu kingine kimeanza. Na hapa kile kitu kimekwisha. Mpaka wake niliujua kama ninavyojua mpaka wa shamba langu. Lakini ni nini, haikuniambia. Sauti haina majina. Jina nilitia mimi.

"Asali iliyoganda," nikasema. "Ya zamani. Imekuwa jiwe."

"Tufungue hapo chini tuone."

"Ya nini kuharibu mti? Nimeshasema ni asali."

Tukakata dirisha juu. Asali ile ilikuwa nyeusi kama kahawa na nzito, inanyooka bila kukatika. Tukala tumesimama. Mihayo alikula mpaka akakohoa. Tukajaza vibuyu vyote, tukaenda kuita watu wenye vibuyu zaidi. Wanawake wakapika wanzuki, pombe ya asali, na siku bendera ilipopandishwa kata yetu nzima ilikunywa wanzuki ya mti ule. Mwenyekiti wa chama alikunywa. Padre alionja, akasema ameonja tu, lakini alionja mara nyingi. Wewe ulikuwa unatambaa, nikachovya kidole nikakulambisha. Watu wakasema Maganga ndiye aliyeleta Uhuru wa tumboni. Nikasimama juu ya kinu nikatoa hotuba.

Tangu hapo, kila msimu nilirudi. Kila msimu Mihayo aliniambia tufungue chini, nami nikamjibu vile vile. Mara moja alikwenda na tindo lake, nikalichukua nikalitupa porini. Si kwamba sikutaka kujua. Nilikuwa naamka usiku na mkono wangu unakumbuka pale mahali. Lakini kata nzima ilikuwa imeshasikia kwamba ni asali. Ukishasimama juu ya kinu, kushuka ni kazi.

Na mti uliendelea kuitika. Mwaka hadi mwaka mlio wa pili ulikuwa unachelewa zaidi. Au mimi ndiye niliyekuwa nasubiri zaidi.

Ikaja Operesheni Vijiji, tukahamishiwa barabarani, nyumba kwa mistari. Mimi nilikuwa wa mwisho kuhama, hilo nalo halina ubishi, walibeba paa nikiwa bado nimekaa ndani. Kijiji kikapewa trekta kulima Kwa Wapagazi. Wewe ulikuwa shuleni bwenini. Siku ile trekta lilifika kwenye mtundu, dereva akafunga mnyororo, sote tukaenda kutazama. Mti ulilia kwanza. Halafu ukapasuka kuanzia juu mpaka chini, ukafunguka pande mbili.

Nyuki walitoka wote. Hawakumuuma mtu. Walipanda juu wakaondoka kuelekea magharibi kama moshi, na pori likabaki kimya hata trekta lilionekana limezima lenyewe.

Alikuwa amekaa. Magoti kidevuni, mgongo umeegemea ukuta wa mti, usawa wa kifua changu hasa, kwa sababu chini palijaa udongo wa kuoza. Unajua mjusi akifia mzingani nyuki wanavyomfanya, wakishindwa kumtoa wanampaka ile gundi yao nyeusi mwili mzima asinuke. Walimfanya hivyo. Uso wake ulikuwa na ngozi. Kati ya mbavu walikuwa wameshusha masega, membamba, ya kwanza kabisa, na kutoka hapo ndipo walipojengea kwenda juu. Chini yake palikuwa na kata ya kubebea mzigo, ya magome, ameikalia kama kiti. Mpagazi. Labda aliugua, msafara ukamwacha, akajikokota akaingia kwenye uvungu wa mti ajikinge na mvua. Mtundu ukiwa na jeraha huwa unalifunga polepole. Mlango alioingilia ulikuwa umeshaziba, gome juu ya gome, hata kovu halionekani.

Kwenye mkono wake wa kulia alishika jiwe. La mviringo, kama yai la kanga. Na pale kwenye ukuta wa mti, jiwe lilipokuwa limegusa, palikuwa na kishimo kimechimbika laini. Mihayo aliingiza kidole gumba ndani yake. Kilienea.

Mama yako akasema, "Maganga, tumekunywa mtu."

Mengine umeyasikia. Mwenyekiti alikwenda kutapika wanzuki ya miaka mingi iliyopita. Mama yako alivunja vibuyu vyote, na mpaka leo asali yangu haingii jikoni kwake mpaka ipite mikononi mwa Mihayo kwanza. Vijana wakanitungia jina, Maganga Mnywesha-Mpagazi, nikipita wanagonga miti. Tulimzika pale pale, na jiwe lake mkononi, kwa sababu hakuna aliyetaka kumfungua vidole. Jina lake hatukujua, hatukuwa na la kumwitia. Mihayo alinyoa nywele kama aliyefiwa na ndugu. Mimi sikunyoa. Nikawaambia watu, asali ilikuwa asali, na ilikuwa tamu, nani anabisha? Hakuna aliyebisha. Hiyo ndiyo iliyonichosha.

Najua utaniambia mfu hagongi. Najua. Kishimo kile alikichimba siku zake za mwisho, misafara ikipita, akitaka wamsikie. Mlio wa pili ulikuwa mwangwi wa uwazi, au masega, au mwamba ulioko chini. Nimejiambia hivyo nikiwa macho na nikiwa nimelala. Lakini mimi nina sikio, Nyamizi. Na nimegonga mti ule zaidi ya mtu yeyote aliye hai.

Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza kwenye kioo chako. Niliuona mkia mweusi nyuma ya jiwe, mahali sauti haifiki. Niliiona ile kijivu ndani ya kijivu, ina mpaka lakini haina jina. Nikapajua hapo mahali. Mkono wangu ulipajua kabla ya macho. Na mdomo wangu, kabla sijaushika, ukasema yale yale: nimeshasema ni nyongo.

Wewe hukutia jina. Nilikuangalia. Mtani alikuuliza, "Unaonaje, sista?" ukamjibu, "Naona mpaka huku na huku. Katikati sioni." Mbele ya daktari, mbele ya baba yako aliyelala anasubiri useme si kitu. Ningekuwa mimi ningesema asali. Ukageuka ukajaribu upande mwingine, ukajaribu kichwa kingine, ukarudi ukasema tena hapa sioni. Nilijivuna pale kitandani kuliko siku ya kinu, na nilikuchukia kidogo pia. Huko unakokwenda watakufundisha mengi nisiyoyajua, lakini watu watakaolala mbele yako watakuwa kama mimi, macho yao yatakuwa yanakuomba jina. Mama mjamzito atakuomba. Mkubwa mwenye gari atakuomba kwa ukali. Na kioo kina moshi mwingi, mtu anaweza kuona ndani yake chochote anachokitaka. Mimi nimeona kwenye moshi asali ya kunywesha kata nzima. Ukibonyeza zaidi hakisemi zaidi. Nilibonyeza shoka mpaka mpini ukapasuka.

Utachoka na neno sioni. Watakuona hujui kazi. Lakini mimi najua mtu mmoja aliyekaa gizani miaka kumi na zaidi mbele ya pua yangu, kwa sababu tu sikuweza kulisema neno hilo.

Nikuambie lililonitokea leo, ndipo nifunge. Mlipokwenda sokoni wewe na mama yako nilibaki peke yangu, jua limesimama katikati, nyumba imetulia. Nikalala chali. Nikajigonga hapa chini ya mbavu kwa kidole, kama ninavyogonga mzinga. Juu ya ini panajibu kwa unene, vizuri. Nikashuka. Nikafika mahali pasipojibu. Nikatulia na kidole hewani.

Halafu, kidogo, kama mtu anayefikiri kwanza, kitu kikagonga kutoka ndani.

Utasema ni mshipa wa damu. Sawa. Nami ningemwambia Mihayo ni mwangwi. Niliinuka nikavaa viatu, nikaenda hospitali kwa miguu yangu wakati ninyi bado mnachagua nyanya.

Mtani alikuwa anakunywa chai. Akaniona mlangoni akasema, "Mpagazi! Umekuja kutua mzigo?"

Nikamwambia, "Nimekuja kufunguliwa."

Hakucheka. Akaniuliza kama wewe umejua, nikamwambia hujui na usijue, maana ukijua utakaa kwenye benchi nje ya mlango na treni itaondoka na sanduku lako. Akasema kesho asubuhi, mapema. Kwa hiyo mwanangu sijaenda Ipole. Nyuki wanaweza kusubiri, nilikudanganya. Mihayo alikuja na basi la jana aliposikia naumwa, analala kwa mtu wake karibu na soko, atakuwa kwenye benchi badala yako. Amekuja na tindo, kichaa yule. Ameniambia, "Wakishindwa hao, mimi nimejiandaa tangu Uhuru." Mama yako anajua. Ndiyo maana leo anapanga sanduku mara nyingi.

Wakati unasoma hapa wameshaingiza sindano yao. Wameshatoa kipande, kiko kwenye kichupa, na mtu mwenye macho anakiangalia. Labda ni kimoja. Labda ni viwili. Labda ni ini langu tu, kaidi kama mwenyewe. Vyovyote itakavyokuwa, wewe kushuka njiani hakutakibadilisha, na ukishuka nitakuwa nimefunguliwa bure. Kaa kwenye kiti chako. Kwa mara ya kwanza sina haraka ya kutia jina.

Neno moja la mwisho, halafu nauandika ule mstari. Ukifika huko wakakupa mtu wa kwanza wa kumgonga, mwambie kabla hujaanza kwamba hatasikia kitu. Mimi hukuniambia mpaka nilipouliza, na dakika zile zilikuwa ndefu.

Haya. Barua ya Maganga, aliyeandika mwenyewe kwa mkono wake bila kusaidiwa na mtu:

Hali yangu sijui. Hofu, safari hii, ni juu yangu mimi.

Baba yako